Weka Maji Tu, Fundi

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na watu watatu wameshaniandikia barua pepe kuuliza nimepotelea wapi. Itakuja. Leo sina moyo wa hifadhidata. Leo nataka kugombana, na wa kwanza kwenye orodha ya ninaotaka kugombana nao ni mimi mwenyewe.

Ugomvi unahusu kipande cha alumini kinachoenea kiganjani. Fungua boneti ya Corolla kuukuu utakiona: kile kishingo kinachotokeza kwenye silinda hedi, pale mpira wa juu wa redieta unapovalishwa na kubanwa kwa klipu. Maji yakishazunguka ndani ya injini na kubeba joto lake, hutokea hapo kwenda kupoa kwenye redieta. Hakina waya, hakina kompyuta, hakisogei. Ni bomba fupi tu lenye mdomo. Na kimenitia aibu kuliko kosa lolote nililowahi kupeleka kwenye seva ya wateja.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE110 la 1998, injini ya 5A-FE, 1,498 cc. Baba, ambaye ni mwalimu, alilinunua 2006 likiwa na miaka minane, yaani likiwa limefika ukingoni kabisa mwa umri ambao sheria yetu inaruhusu gari la mtumba kuingia nchini. Alinikabidhi nilipopata kazi. Ni gari ambalo ukilitunza litakutunza, na ukilidharau litakungoja mahali pabaya.

Julai 2023 niliona unga mweupe umeota kwenye shingo hiyo, kando ya klipu, kama chumvi inavyoota kwenye birika la chai. Chini yake kulikuwa na tone. Tone moja tu! Nikapeleka gereji. Fundi (simtaji, na utaona kwa nini si haki kumtaja) akavua mpira, akafuta ule unga kwa kitambaa, akapaka silikoni nyeusi mzunguko mzima, akarudisha mpira na kubana klipu hadi ikalia. Halafu akaniambia, "Bosi, wacha nitoe thamostati pia. Hii ni ya nchi za baridi. Hapa inazuia maji tu." Nikamwambia sawa, kwa sababu wewe ukiwa na digrii ya sayansi ya kompyuta na mtu mwenye grisi hadi kiwikoni akakwambia jambo kuhusu injini, unasema sawa.

Sasa sikiliza hapa. Alipomaliza akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Nikuwekee kulanti ama maji?" Nikauliza kulanti ni pesa ngapi. Akasema 1,800.

"Weka maji tu, fundi."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyaandika peke yake kwenye mstari ili nisije nikayakwepa mbele. Nililipa shilingi 700 za kazi nikaondoka nikijiona mjanja.

Miezi mitano iliyofuata nilikuwa nikiongeza maji kila Jumatatu asubuhi. Nusu chupa ya soda hivi. Baadaye chupa nzima. Nilizoea. Wenzangu wa programu, mnajua ninachozungumzia. Mahali nilipofanya kazi zamani kulikuwa na seva iliyovuja kumbukumbu, na badala ya kutafuta inavujia wapi, tuliweka ratiba ya kuizima na kuiwasha upya saa tisa usiku. Ilidumu hivyo miaka miwili. Kila mfanyakazi mpya alifundishwa kuhusu ratiba hiyo kana kwamba ni sehemu ya mfumo. Mimi nilikuwa wa kwanza kuicheka. Na kila Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya boneti na chupa mkononi, nikifanya kitu kile kile, bila hata kutabasamu.

Desemba 27, 2023 tulikuwa tunarudi Nairobi kutoka Nakuru: mimi, Mama, na dada yangu mdogo. Ukitoka Naivasha barabara inaanza kupanda Kinungi, na siku hiyo malori yalikuwa mengi, tunapanda kwa gia ya pili. Mshale wa joto ukaanza kusogea. Ukapita nusu. Nikawasha hita na kufungua madirisha, Mama akauliza kama nimerukwa na akili. Halafu mshale ukashuka! Ukarudi chini ya nusu, na mimi nikapumua. "Imekubali," nikamwambia Mama.

Haikukubali. Kitambuzi cha joto husoma maji yanayokigusa. Maji yakishapungua kikabaki kwenye mvuke, mara nyingi husoma chini kuliko joto la kweli la injini. Dashibodi yangu ilikuwa imetulia kwa sababu kifaa cha kupima kilikuwa hakina tena cha kupima. Kwa watu wa seva hii si habari mpya.

Dakika tatu baadaye mvuke ulitoka kila upande wa boneti. Nikaegesha. Akatokea kijana mmoja, umri wa miaka 19, mwenye kibanda cha kuziba panya za matairi hapo karibu, akaja mbio na debe la maji na kitambaa, moyo wa kusaidia umemjaa. Mimi nilikuwa nyuma ya gari nikiweka pembetatu za onyo. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kushika kofia ya redieta. Nikapiga kelele. Nilichelewa.

Maji yaliyo ndani ya redieta iliyofungwa yanaweza kupita joto la kuchemka bila kuchemka, kwa sababu presha inayazuia. Ukiondoa kofia unaondoa presha, na maji yote yanageuka kuchemka kwa mpigo mmoja. Yalimrukia mkono wa kulia, shingo na kifua. Sitaeleza zaidi. Tulisimamisha gari la watu, tukampeleka kwenye kituo cha afya, Mama akimshikilia huku akimwita "mwanangu" njia nzima. Alipona. Mkono una kovu kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo.

Kwa hiyo mtu akiniambia tena kwamba kulanti ni anasa, nina haki ya kumjibu kwa sauti ya juu.

Hoja inayosemwa sana ni hii: "Kenya hakuna theluji, kulanti ya nini?" Nimeisikia kwa mafundi, kwa wajomba, kwa madereva wa matatu, na kwa wahandisi wawili wenye vyeti ukutani. Inaonekana ya busara kwa sababu nusu yake ni kweli. Glikoli iliyomo ndani ya kulanti, ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, huzuia kuganda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na ni kweli hakuna mtu wa Embakasi anayehitaji hiyo. Lakini hiyo ni kazi moja. Mchanganyiko huo huo huchemka nyuzi sita au saba juu ya maji matupu. Na ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, ambazo hazina uhusiano wowote na baridi, na hizo ndizo nilizozikataa kwa shilingi 1,800.

Tuanze na kuchemka, kwa sababu hapa ndipo hoja ya theluji inapogeuka kumla mwenyewe. Tulifundishwa shuleni kwamba maji huchemka nyuzi 100. Huko ni Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94. Ukifika Soko Mjinga, baada ya kumaliza kile kilima kilichonishinda, ni nyuzi 91 au 92. Sasa angalia injini yangu: thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82, na feni ya redieta huwaka ikifika karibu 93. Umeona? Kwenye gari lililopoteza presha, lenye maji matupu, hapa kwetu nyanda za juu, feni inaamka kufanya kazi wakati maji yameshaanza kuchemka au yamebakiza nyuzi moja. Sisi ndio tunaohitaji mfumo mzima ufanye kazi kuliko mtu wa pwani.

Kinachotuokoa ni kofia ya redieta. Ya kwangu imeandikwa 0.9, yaani inashikilia presha ya karibu 0.9 bar juu ya hewa ya nje. Kwa presha hiyo hata maji matupu ya Nairobi hayachemki hadi karibu nyuzi 115. Lakini presha haikai kwenye mfumo unaovuja. Tone dogo kwenye shingo ni tundu la presha, na kidogo kidogo ni tundu la maji pia. Ndiyo maana "inavuja kidogo tu" ni sentensi isiyo na maana kwenye mfumo wa kupoza injini. Ama unashika presha ama haushiki.

Sasa kutu yenyewe. (Najua, alumini haipati kutu nyekundu kama chuma. Inaliwa. Tuite kutu tuendelee.) Injini hii ina mwili wa chuma na hedi ya alumini. Ukichovya metali mbili tofauti zilizogusana ndani ya maji yenye chumvichumvi umetengeneza betri, na kwenye betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Maji ya mfereji yana madini. Maji ya kisima ambayo mitaa mingi ya Nairobi huyategemea wakati wa mgao yana madini zaidi; sufuria zenu zinajua. Kawaida alumini hujivika utando mwembamba unaoilinda, lakini kloridi hutoboa utando huo, na mahali panapotobolewa kwanza ni pale chini ya mpira, ambapo maji yamesimama kwenye ufa mwembamba na hayazunguki. Kwa hiyo shingo huoza mahali usipopaona. Nje unaona unga mweupe kidogo, ndani ya mpira kuna mashimo kama ya jino.

Hili ndilo linaloniudhi kwenye ile silikoni. Silikoni ilifunika shimo, haikugusa kilichokuwa kinachimba shimo. Tena nikamwaga ndani maji yale yale yaliyolichimba! Ni sawa na programu inayoanguka kwa kosa fulani, nawe unaizungushia kizuizi cha kukamata makosa yote, unaacha ndani pakiwa patupu, halafu unafunga tiketi ukiandika "imetatuliwa". Mteja haoni kosa tena. Data inaendelea kuharibika kimyakimya hadi siku ya ukaguzi.

Thamostati nayo. Kuitoa ni kosa hata bila hoja ya kutu. Kwenye injini hii thamostati ina sahani ya pili chini yake, ambayo injini ikipata moto huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia redieta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji moto yanazunguka na kurudi injini bila kupoa. Kwa hiyo mtu anatoa thamostati ili gari lisichemke, na kwenye kilima kirefu chenye mzigo amelisaidia kuchemka. Kwenye tambarare ya mjini injini inakaa baridi mno, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, nawe unalalamika gari la Toyota limeanza kunywa kama lori. Kama unashuku thamostati, ijaribu: sufuria ya maji jikoni, kipimajoto, ining'inize kwa uzi isiguse chini. Nzuri huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 imefunguka kabisa. Ni jaribio la dakika kumi. (Tumia sufuria ambayo si ya Mama. Nimeonya.)

Januari 2024 nilirekebisha, safari hii na mzee mmoja wa Kariobangi ambaye wateja wake humwita Mzee tu. Alivua mpira, akaingiza kidole kwenye shingo, akanionyesha. Ukingo wa nje ambao ndio hushika mpira ulikuwa umebaki nusu. Nikamwambia, "Mzee, si gari ni la zamani?" Akacheka. "Zamani nini? Hii imekunywa chumvi. Nimefungua injini ya 1985 shingo inang'aa." Kisha akauliza nani alitoa thamostati, nikatazama viatu vyangu.

Nieleze tulivyofanya, kwa sababu kuna mtu ataniuliza. Gari lilikuwa baridi kabisa, limelala usiku kucha. Tulifungua koki ya chini ya redieta na kumwaga. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mpira wa juu hatukuuvuta, tuliupasua kwa kisu kwa urefu. Mpira mpya ni bei ndogo na ukivuta kwa nguvu unaweza kuvunja kilichobaki. Shingo hushikwa kwa nati mbili, na hapo ndipo subira inapotakiwa. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu, na boliti zenyewe zimekita ndani ya hedi ya alumini. Ukikata moja, kazi ya saa mbili imekuwa kazi ya siku mbili. Mzee alipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kunywa chai, akarudi akapulizia tena, akaenda kwa gari lingine. Mimi nilikuwa nataka tu kuweka spana. "Wacha yanywe," akasema. Baada ya saa nzima akakaza kidogo kwanza, kisha akalegeza, mbele na nyuma, kidogo kidogo, hadi zikatoka zikiwa nzima.

Nilidhani tutajaza yale mashimo kwa gundi ya chuma. Inawezekana kama mashimo ni ya juujuu na hayakufika kwenye uso unaokaa gasketi. Fundi wa gesi anayejua alumini pia anaweza kujaza na kuchonga upya, na kwa gari ambalo spea zake hazipatikani ningefanya hivyo. Lakini hii ni 110. Ukishuka Kirinyaga Road, pale Grogan, utapata shingo ya mtumba iliyotoka Japani kwenye injini iliyokunywa kulanti maisha yake yote. Nilinunua moja kwa shilingi 900, ndani safi kama kikombe. Unaichunguza kwanza: pitisha ukucha mahali mpira unapokaa, na uso wa gasketi uweke juu ya kioo uone kama unacheza.

Uso wa hedi tulisugua kwa ubao na msasa laini, matundu yameziba kwa vitambaa ili vumbi lisiingie. Gasketi mpya ya karatasi, kavu. Hakuna silikoni. Uso ukiwa sawa na gasketi ikiwa mpya, silikoni haina kazi hapo, na ikizidi, vipande vyake hukatika na kwenda kukaa kwenye mirija ya redieta. (Vivyo hivyo kwa wale wa pilipili manga na ute wa yai. Huziba, ndiyo. Huziba na redieta.) Nati zilikazwa kwa zamu, kidogo kushoto, kidogo kulia. Thamostati mpya, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikiwa juu ili hewa ipate pa kutokea. Tulisukuma maji safi ndani ya mfumo mara tatu hadi yakatoka meupe, kisha kulanti, hita ikiwa imewashwa na kofia ikiwa wazi, hadi mapovu yakaisha na feni ikawaka yenyewe. Tukaangalia kama mapovu yanaendelea, maana hiyo ni dalili ya gasketi ya hedi kuungua. Hayakuendelea. Oili nayo haikuwa na rangi ya maziwa. Nilikuwa na bahati nisiyoistahili.

Jambo moja nililolifanya mwenyewe, maana ndilo pekee nililolijua kuliko Mzee: nilichukua mita ya umeme, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu ukichovya ndani ya kulanti bila kugusa chuma. Kipimo cha mafundi wengi ni kwamba ikizidi volti 0.3 kuna shida, ama kulanti imechoka ama umeme unapita mahali pasipofaa. Kwangu ilipanda nilipowasha taa. Ule waya wa ardhi unaotoka kwenye betri hadi kwenye injini ulikuwa umelegea na kujaa uchafu, umeme ukawa unatafuta njia nyingine, na maji ni njia. Nikausafisha, nikaukaza, mshale ukashuka. Mzee alitazama, akasema, "Hiyo kompyuta yako ina faida kidogo."

Hesabu sasa, maana tulianza kwa hesabu. Shingo 900, gasketi 150, thamostati 1,200, mpira 800, klipu mbili 200, kofia mpya 600, kulanti 2,400, kazi ya Mzee 1,500. Jumla 7,750. Ongeza breakdown ya kulivuta gari kutoka Kinungi, 12,000. Ongeza matibabu ya yule kijana, 18,500, na siku ambazo kibanda chake kilifungwa, ambazo tulielewana na mama yake. Yote haya kulinda 1,800.

Najua majibu yenu. "Matatu zinatumia maji na zinatembea." Zinatembea, ndiyo, na waulize wenye matatu wamekwangua hedi mara ngapi na kununua pampu za maji ngapi. Gari linaloingiza pesa kila siku linaweza kulipia uzembe wake. Lako la kwenda kazini halilipi.

"Babu yangu aliendesha Land Rover kwa maji ya mtoni." Nakubali. Injini ya petroli ya zile Land Rover za kale ilikuwa chuma mwili na chuma hedi. Babu yako alikuwa na akili kwa injini ya babu yako. Ushauri wake uliendelea kuishi baada ya injini kubadilika, kama vile mistari ya programu ambayo hakuna anayekumbuka iliandikwa kwa nini na kila mtu anaogopa kuifuta.

"Kulanti nyingi sokoni ni maji yenye rangi." Hapa mna hoja ya kweli, na inaniuma. Nimenunua dumu ambalo kipimo chenye vitufe vya kuelea hakikuinua hata kimoja. Kipimo hicho si ghali, nunua. Nunua kulanti mahali utakapoweza kurudi kulalamika. Soma kama imeshachanganywa au ni ya kuchanganya, na kama ni ya kuchanganya tumia maji yaliyochujwa madini, si ya bombani. Rangi isikudanganye, si kila nyekundu ni sawa na nyekundu nyingine. Ile nyekundu ya kawaida ya Toyota hubadilishwa kila miaka miwili au kilomita 40,000. Na ukiimwaga, usiimwage mtaroni: ni tamu na ni sumu, mbwa watairamba, na mtoto pia.

"Basi mafundi ndio wabaya." Hapana. Hapa ndipo nagombana na wengi wenu. Fundi wangu wa kwanza alikosea kuhusu silikoni na kuhusu thamostati, na nilirudi nikamwambia hivyo. Lakini aliniuliza kulanti au maji, na mimi nikachagua. Fundi wa mtaani hupata mteja kumi, tisa wanasema weka maji tu, na wa kumi anauliza bei kisha anasema weka maji tu. Baada ya miaka kumi ya hivyo, nani ataendelea kuweka madumu ya kulanti kwenye rafu? Tunanunua simu ya elfu sitini na kioo cha kuilinda kioo chake, kisha tunabishana juu ya 1,800 za injini inayobeba mama zetu.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule kijana wa Kinungi, kama ninavyofanya kila baada ya miezi miwili mitatu. Siku hizi ameongeza kazi ya kuosha magari. Akaniuliza, "Na ile Corolla bado inachemka?" Nikamwambia hapana, tangu tuweke shingo mpya na kulanti haijaniomba hata tone. Akauliza hiyo kulanti ni pesa ngapi. Nikamtajia bei. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mteja ameingia, tutaongea.

Hifadhidata ni wiki ijayo. Safari hii kweli.